Uzi: Kupiga picha Kilimia na wingu lake la buluu ukiwa Arusha au Moshi, bila darubini

Mpigapicha wa Sakina (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Ile picha ya Kilimia (lile fungu la nyota linaloitwa pia Pleiades) yenye ukungu wa buluu niliyoiweka kwenye uzi wa mambo ya anga imeleta maswali mengi inboksi. Wengine wanauliza ni darubini gani, wengine wanasema rangi nimeipaka kwenye kompyuta. Naona nishushe kila kitu hapa ili na wengine wanufaike. Darubini haikutumika. Ni kamera ya mtumba, lenzi ya milimita 135 na kifaa cha mbao cha kufuata nyota. Na ile buluu ipo kweli angani.

Naanza na jambo ninaloliona kubwa kuliko yote, maana watu wetu wanamwaga pesa: kwa Kilimia, usinunue filta, kile kioo cha kuweka kwenye lenzi ili kuzuia taa za mji. Hiyo pesa weka kwenye mafuta au nauli ya kukufikisha gizani.

Kwa nini? Mawingu ya angani hayafanani. Lile lililo kwenye upanga wa Jabari (kundi la nyota la Orion) ni gesi inayong'aa yenyewe. Haidrojeni inatoa mwanga mwekundu kwenye nanomita 656 (nanomita ni kipimo cha urefu wa wimbi la mwanga, na kila rangi ina namba yake), oksijeni inatoa wa kijani kwenye nanomita 501. Filta inapitisha mistari hiyo michache na kuzuia mingine yote pamoja na taa za mji, na unapata picha safi hata ukipigia Kaloleni katikati. Wingu la Kilimia haling'ai lenyewe. Ni vumbi, chembe ndogo mno, linamulikwa na nyota zilizo jirani. Mwanga linaoturudishia ni wa nyota zenyewe, rangi zote zimo, ila buluu inazidi kwa sababu chembe ndogo hutawanya buluu kuliko nyekundu. Mwanaastronomia Vesto Slipher alilibaini hili Desemba 1912 pale Flagstaff, Marekani. Aliuchambua mwanga wa wingu lililo karibu na Merope, mojawapo ya nyota za Kilimia, akakuta una mistari ileile ya mwanga wa nyota za Kilimia. Sasa filta itachuja nini hapo? Ikizuia taa za mji inazuia na wingu.

Na taa za LED zimeongeza ugumu. Mwanga wake mweupe una kilele cha buluu karibu na nanomita 450, palepale penye rangi ya wingu tunalolitafuta. Zile za zamani za sodiamu, za manjano, zilikuwa na nafuu kwa sababu mwanga wake umebanana sehemu moja. Za LED huzichuji, unazikimbia.

Unazikimbilia wapi? Kwa mtu wa Arusha, kaskazini ya mji. Hili watu wengi hawalifikirii. Sisi tuko nyuzi 3 na ushee kusini ya ikweta, Kilimia kiko nyuzi 24 kaskazini ya ikweta ya anga, kwa hiyo kikifika juu kabisa kinapita upande wa kaskazini kwenye kimo cha nyuzi 62 au 63. Ukienda kusini kupita Njiro, mwanga wote wa mji unakuwa mbele yako, chini ya kitu unachokipiga. Ukishika barabara ya Namanga, ukapita Ngaramtoni na kufika Oldonyo Sambu au kusogea mbele kuelekea Longido, mji unabaki mgongoni na Meru inasaidia kuziba. Tena upande ule uko kwenye kivuli cha mvua cha Meru. Kunaweza kuwa na mawingu Tengeru na huko kukawa kweupe.

Fika kabla jua halijazama, mwone mwenye boma, mwamkie, mweleze umekuja kufanya nini. Usijitokeze na taa kichwani saa nne usiku kwenye eneo la watu wenye mifugo. Kuna mzee kule ambaye huwa anatoka kukaa na mimi. Siku nilipomwonyesha fremu moja kwenye kioo cha kamera, alizihesabu nyota kwa ncha ya fimbo bila kukigusa kioo, akafika sita, akatazama juu, akahesabu tena sita, kisha akaniuliza hizi ndogo nyingine za katikati zimetoka wapi. Zilikuwepo siku zote. Mwaka 1610 Galileo alichora nyota 36 za Kilimia kwa darubini yake ndogo, na leo zinajulikana zaidi ya 1,000.

Kuhusu msimu. Wazee wana msemo: Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Kwetu ni nusu ya pili ndiyo inayotimia. Kinapotelea kwenye mwanga wa machweo mwanzoni mwa Mei masika ikiwa bado inaendelea, kinarudi alfajiri mwezi Juni mvua imeshakatika. Lakini Juni na Julai Arusha ni baridi na mawingu mazito, na kuanzia Agosti mpaka Oktoba kuna vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Novemba kinakaa angani usiku kucha, ila ni vuli. Mimi nasubiri Januari na Februari. Mvua za vuli zimeshaosha hewa na kiangazi kimeingia. Katikati ya Januari kinafika juu kabisa saa tatu kasorobo usiku, yaani unaanza kazi giza likiingia tu na saa tano umeshamaliza. Chagua siku ambazo mwezi haupo, kwa sababu mwezi unaua wingu hili kuliko taa za mji.

Kamera: faili za RAW (ghafi, kamera haijazichakata), ISO 1600 (kiwango cha wepesi wa kamera kuhisi mwanga), lenzi nimeibana hadi f/4, yaani tundu lake nimelipunguza, kila fremu sekunde 30, jumla saa moja na nusu. Ukitaka chenga (zile punje punje za kwenye picha) zipungue nusu, muda wa kukusanya mwanga uzidishe mara nne. Hakuna njia ya mkato hapo.

Karibuni kwa maswali.

---

Seremala wa Unga Ltd

Mkuu heshima yako. Hicho kifaa cha mbao ndicho kilichonivuta. Tupe vipimo, mbao na mashine ninazo.

---

Mpigapicha wa Sakina

Fundi, hapa ndipo panaponifurahisha mimi mwenyewe, kwa hiyo nivumilie nitaandika kwa urefu.

Tatizo lenyewe kwanza. Dunia inazunguka, na kwenye lenzi ya 135 ukiiacha imesimama, nyota za Kilimia zinasogea kama pikseli mbili kila sekunde. Fremu ya sekunde 30 inatoka mistari mitupu. Tunahitaji kitu cha kuizungusha kamera kinyume kwa mwendo uleule.

Chukua mbao mbili za sentimita 30 kwa 30, ngumu, zisizopinda. Ziunge kwa bawaba ndefu, ile ya piano, upande mmoja, zifunguke kama kitabu. Kwenye ubao wa chini, pima milimita 228.5 kutoka katikati ya pini ya bawaba, toboa na uzamishe nati ya M6. Pitisha hapo chuma chembamba chenye nyuzi mwanzo hadi mwisho, saizi hiyohiyo ya M6, ncha yake isukume ubao wa juu. Kamera inakaa juu kwenye kichwa cha tripodi.

Hiyo 228.5 imetoka hapa: M6 ya kawaida ina hatua ya milimita moja, yaani ukizungusha mara moja chuma kinapanda milimita moja. Dunia inamaliza mzunguko wake kwa kufuata nyota kwa dakika 1,436. Gawanya 1,436 kwa mara mbili ya pai, unapata 228.5. Kwa hiyo mzunguko mmoja kwa dakika moja, na ubao unafunguka kwa mwendo wa dunia. Mimi nimebandika kisahani cha plastiki chini chenye alama nne, nakizungusha taratibu bila kusimama, robo kila sekunde 15, nikitazama mkono wa saa. Ukiweza kufunga mota ya mzunguko mmoja kwa dakika, bora zaidi. Kila baada ya dakika kumi rudisha chini uanze upya, kwa sababu chuma kilichonyooka kinaanza kupishana na duara ubao ukishafunguka sana.

Sasa usikilize raha ya kuwa karibu na ikweta. Bawaba inatakiwa ilale sambamba na mhimili wa dunia. Wenzetu wa Ulaya wanainua vifaa vyao nyuzi 50 na wanalenga Nyota ya Kaskazini. Sisi hiyo nyota hatuioni kabisa, iko chini ya upeo, na ncha ya kusini ya anga, ile sehemu ambayo nyota zinaizunguka, iko nyuzi 3 tu juu ya ardhi, imefunikwa na ukungu na vilima. Wengi wanalalamika. Mimi naona ni neema: bawaba yetu inalala karibu bapa, na kitu bapa kinapimwa kwa pimamaji. Weka kifaa sawa kabisa, kisha upande wa kusini wa bawaba uinue milimita 18 kwa kila sentimita 30 za urefu. Kipande cha mbao cha unene huo kinatosha, Arusha na Moshi hakuna tofauti ya kusumbua. Bawaba ikae upande wa magharibi, na ubao wa juu uinuke kwa upande wa mashariki. Ukigeuza utakuwa unaikimbia nyota badala ya kuifuata.

Kinachobaki ni kujua kusini halisi. Dira isikudanganye: gari likiwa karibu linaivuta, na mawe ya volkeno ya huku kwetu yana chuma. Nenda na kivuli. Simika fimbo wima, saa tatu asubuhi weka alama kwenye ncha ya kivuli, chora duara kwa kamba, fimbo ikiwa katikati. Alasiri ncha ya kivuli itaigusa tena duara, weka alama ya pili. Mstari kutoka kwenye fimbo hadi katikati ya alama hizo mbili ndio kaskazini-kusini. Pigilia vigingi viwili, usiku utavikuta. Piga fremu moja ya majaribio, kama nyota zimevutika sogeza kidogo mashariki au magharibi, piga tena.

---

Binti Kahe

Kaka asante kwa uzi mzuri. Sisi wa Moshi tufanyeje? Mimi niko Kahe, kuna giza zuri tu, ila mji uko kaskazini magharibi yangu na Kibo nayo iko huko na mawingu yake.

---

Mpigapicha wa Sakina

Dada, Kibo yenyewe usiihofu. Ukiwa maeneo ya mjini inafika kama nyuzi 10 tu juu ya upeo, Kilimia kinapita nyuzi 60 na kitu. Mawingu ya mlima hujikusanya mchana na mara nyingi hukatika usiku ukikolea, kwa hiyo saa moja jioni ikiwa na mawingu usikate tamaa ukafunga begi.

Kwa Kahe, piga Kilimia kikiwa bado upande wa mashariki, kabla hakijaanza kushukia upande wa mji. Mwanzoni mwa Januari giza likiingia unakuwa na saa mbili hivi nzuri. Ukipata usafiri, nenda Boma Ng'ombe, pinda kuelekea Sanya Juu na usonge upande wa Ngarenairobi. Huko mji wa Moshi unabaki nyuma yako, hewa ni kavu, na mashamba ni makubwa hayana taa. Jacket usisahau, na lenzi uiwekee kinga ya umande. Soksi nzito iliyokatwa ikazungushwa kwenye lenzi, na kile kifuko cha kupasha mikono moto ndani yake, inatosha.

---

Mzee wa Kijenge

Vijana hongereni. Lakini mimi nimepiga picha miaka mingi, na ninachokiona hapo ni lenzi ya bei rahisi. Lenzi ikifunguliwa sana inatoa duara la buluu pembeni ya kila taa. Hilo si wingu.

---

Mpigapicha wa Sakina

Shikamoo mzee wangu. Hoja yako ni ya msingi, na kweli kuna picha nyingi mtandaoni ambazo ni hicho unachokisema. Ndiyo maana nimebana hadi f/4.

Kuna njia ya kupima. Duara la lenzi au la umande linakuwa la mviringo na linazunguka kila nyota angavu kwa usawa. Baada ya Kilimia, geuza lenzi hiyohiyo kwenye zile nyota za umbo la V karibu na nyota angavu ya Aldebaran, piga kwa mipangilio ileile. Mwangaza wake haupishani sana na wa nyota za Kilimia. Zikiwa na duara la buluu vilevile, basi ni lenzi. Kwangu hazina.

Halafu tazama umbo. Wingu zito kuliko yote liko kwa Merope, na halikuizunguka nyota: limetanda upande mmoja tu, wa kusini. Kwa sisi tunaotazama kaskazini, kusini ni juu, kwa hiyo kwenye picha ambayo haijageuzwa utaliona linapanda kuelekea utosini. Lina michirizi myembamba inayolala sambamba, kama mtu amepitisha kitana. Lenzi haichori michirizi. Mwanaastronomia Wilhelm Tempel aliliona hili kwa jicho kwenye darubini akiwa Venice, Oktoba 1859. Lile la kwa Maia, nyota nyingine ya Kilimia, halikuonekana mpaka kamera ilipokuja: ndugu wawili, Paul na Prosper Henry, walilinasa Paris mwaka 1885 kwenye bamba la picha. Kamera ilikusanya mwanga kwa muda mrefu kuliko jicho linavyoweza, nasi leo tunafanya kilekile.

---

Mzee wa Kijenge

Marahaba. Hilo la nyota za V nimelielewa, nitalifanya mwenyewe.

---

Mwalimu wa Fizikia Mrina

Swali la darasani: hilo vumbi ni mabaki ya wingu lililozaa nyota hizo? Na umbali ni kiasi gani? Kuna sehemu nimesoma miaka nuru 390, kwingine 440.

---

Mpigapicha wa Sakina

Mwalimu, ndivyo ilivyodhaniwa zamani. Nyota za Kilimia zina umri wa miaka milioni 100 hivi, na kwa umri huo mabaki ya kuzaliwa kwake yalishapeperushwa kitambo. Vipimo vya mwendo vinaonyesha vumbi na nyota havisafiri pamoja. Fungu la nyota limekutana na wingu la vumbi likiwa kwenye njia yake, linakatiza, na likishapita buluu itazimika. Sisi tumezaliwa wakati wa kukutana. Mimi hili huwa linanigusa kila ninapofungua faili.

Kuhusu umbali, 390 ilitoka kwenye setilaiti ya Hipparcos miaka ya 1990, na wanaastronomia walibishana nayo kweli kweli kwa sababu haikulingana na njia nyingine. Vipimo vya redio vya mwaka 2014, kisha vya chombo cha Gaia, vikarudisha namba kwenye 440 na kitu. Tumia hiyo. Waambie wanafunzi mwanga tunaounasa leo uliondoka kule kabla Wareno hawajaanza kujenga Fort Jesus ya Mombasa mwaka 1593.

---

Kijana wa Majengo

Wakuu simu inaweza? Na hizo fremu zote unazifanyaje ziwe picha moja?

---

Mpigapicha wa Sakina

Simu yenye hali ya usiku, ukiiweka kwenye tripodi, itakupa nyota za Kilimia na nyingine ambazo macho hayazioni. Wingu haitakupa. Lenzi yake ni pana mno na tundu ni dogo. Anza nayo hivyohivyo kujifunza anga, halafu tafuta kamera ya mtumba, hata ya miaka kumi iliyopita inafaa.

Kuunganisha natumia Siril, ni programu ya bure. Kabla ya kufunga vifaa piga fremu za giza, lenzi ikiwa na kifuniko, kwa muda na ISO ileile, ili programu ijue chenga za kamera yako. Alfajiri au kesho yake vuta fulana nyeupe juu ya lenzi, elekeza angani, piga fremu kadhaa bila kugusa fokasi. Hizo zinaondoa kiza cha pembeni na madoa ya vumbi la kwenye kihisio. Siril inapanga fremu zako zote nyota juu ya nyota na kutoa wastani.

Sehemu inayoharibu picha za wengi ni kuondoa mwanga wa mandharinyuma. Ukiiachia programu ijichagulie pointi, itazibandika juu ya wingu lenyewe, idhani ni mwanga wa mji, ilifute. Ziweke pointi kwa mkono, mbali na nyota, pembezoni mwa fremu. Kisha tumia urekebishaji wa rangi kwa nyota: programu inazitambua nyota zilizomo, inasoma rangi zake kwenye katalogi na kulinganisha picha nzima na hizo. Hilo ndilo jibu langu kwa walionituhumu kupaka rangi. Baada ya hapo inua mwanga taratibu kwa njia ya asinh, inayotunza rangi za nyota zisigeuke nyeupe tupu, na ukiona michirizi ya Merope imeanza kujitokeza, punguza mkono. Ukizidisha, vumbi linakuwa kama pamba na michirizi inapotea.

Mwenye fremu zake ambazo bado hajazichakata aweke kiungo hapa chini, pamoja na mahali alipopigia na saa. Nitazipitia moja moja.